Mkuu wa Nyumba na Msiri wa Wanafunzi: Habari za Mfumo wa Nyumba katika Shule za Sekondari za Kikatoliki

Neno nyumba, litajwapo katika shule ya bweni, halina maana ya kuta na paa peke yake. Nyumba ni jamii ya wanafunzi wa umri mbalimbali walalao mahali pamoja, washindanao upande mmoja uwanjani, na walio chini ya mtu mzima mmoja ajuaye jina la kila mtoto na habari za kwao. Mpango huu umezoeleka sana katika shule za Kikatoliki, hata wako wanaodhani kwamba ulizaliwa humo, pengine katika monasteri za kale. Sivyo. Ulitoka katika shule za Waanglikana wa Uingereza, na Wakatoliki waliupokea kwa kuchelewa, baada ya kuishi miaka mingi kwa mpango wa namna nyingine. Na walipoupokea, walipokea pamoja nao swali ambalo mpango wao wa kwanza ulikuwa umekwisha kulijibu: je, yule atoaye adhabu aweza pia kuwa msiri wa mtoto?

Chanzo chenyewe hakikuwa na utukufu mwingi. Katika shule kubwa za Kiingereza za karne ya 18, kama Eton na Rugby, wavulana wengi walipanga katika nyumba za watu binafsi karibu na shule, na wenye nyumba, mara nyingi wanawake, walijipatia riziki kwa kodi na chakula. Thomas Arnold alipokuwa mkuu wa Rugby mwaka 1828, alikaza kwamba nyumba hizo, kila zilipoachwa wazi, zishikwe na walimu wenyewe, ili uangalizi wa darasani uendelee hata mezani na kitandani. Yeye mwenyewe, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana, alijitwalia kazi ya uchungaji wa shule mwaka 1831, akawapa wavulana wa kidato cha juu madaraka juu ya wadogo. Hata alipofariki mwaka 1842, wazo lilikuwa limekwisha kushika mizizi: mtawala ndiye mchungaji.

Wakatoliki wa Uingereza hawakuwapo katika mabadiliko hayo. Tangu enzi ya Elizabeth I shule zao zilikuwa zimepigwa marufuku, na wenye uwezo waliwapeleka wana wao ng'ambo. Wayesuiti walifungua chuo St Omer mwaka 1593, kikahamia Bruges mwaka 1762, kisha Liège mwaka 1773, na mwishowe, vita vya mapinduzi ya Ufaransa vilipokisukuma, kikarudi Uingereza mwaka 1794 na kukaa Stonyhurst, Lancashire. Chuo hicho kilikuja na desturi zake. Wanafunzi hawakugawanywa kwa nyumba bali kwa mwaka wa masomo, na kila mwaka una jina lake: Figures, Rudiments, Grammar, Syntax, Poetry, Rhetoric. Mtoto hupanda pamoja na wenzake wa rika lake mwaka hata mwaka. Mtu wa pwani angeuita mpango huu wa hirimu, kwa kuwa ndugu wa mtoto ni wale walioingia naye, si wale anaolala nao chini ya paa moja.

Tofauti hii si ndogo. Katika vyuo vya Wayesuiti kazi ziligawanywa. Kanuni zao za elimu za mwaka 1599, zijulikanazo kwa jina la Kilatini Ratio Studiorum, zinamtambua msimamizi wa masomo. Yuko pia msimamizi wa nidhamu. Na mbali nao yuko padre wa kiroho, asiyepiga wala kutoa alama. Mtoto aliyekosa alikwenda kwa mmoja, na mtoto aliyefadhaika alikwenda kwa mwingine. Mpango huo una ubaridi wake, maana mtoto mwenye watu wazima watatu wa kumwangalia aweza kukosa hata mmoja amjuaye barabara. Lakini siri yake haikukaa katika meza ile ile yenye daftari la makosa.

Wabenedikto walikuwa karibu zaidi na wazo la nyumba, ijapokuwa nao hawakulibuni. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 22, yaagiza watawa walale kumi kumi au ishirini ishirini pamoja na wazee wa kuwaangalia, na vijana wasilale kitanda kwa kitanda wao kwa wao, bali wachanganywe na wakubwa. Sura ya 46 yasema kwamba dhambi iliyofichika rohoni ifunuliwe kwa abati au kwa wazee wa kiroho, wajuao kuponya jeraha bila kulitangaza. Hivyo mbegu za pande zote mbili zimo katika kitabu kimoja: ulinzi wa malazi, na mlango wa siri ulioachwa wazi kwa zaidi ya mtu mmoja. Msomaji ataona kwamba neno lile la wazee limetajwa kwa wingi, na wingi huo una kazi yake.

Watawa wa monasteri ya Dieulouard, waliofukuzwa Ufaransa, walifika Ampleforth, Yorkshire, mwaka 1802. Shule yao iliendelea zaidi ya karne moja bila nyumba. Ni mwaka 1926, chini ya Padre Paul Nevill, aliyeiongoza shule tangu 1924 hata 1954, ndipo ilipogawanywa katika nyumba nne, zikaitwa kwa majina ya Aidan, Bede, Cuthbert na Oswald. Majina hayo hayakuchaguliwa ovyo. Wote ni watakatifu wa Northumbria, nchi ya kaskazini ya kale, nao waliishi karne nyingi kabla ya mgawanyiko wa Kanisa la Uingereza. Kwa hiyo mpango ulioazimwa kwa Waanglikana ulivikwa nguo za kale kuliko Uanglikana wenyewe. Lakini jambo zito zaidi ni kwamba mkuu wa kila nyumba alikuwa mtawa, na kwa kawaida ni padre. Mtu huyo huyo aliruhusu na kukataza, aliandika barua kwa wazazi, alitoa adhabu, aliadhimisha misa ya nyumba, na usiku mtoto mwenye huzuni aligonga mlango wake.

Sheria ya Kanisa ilikuwa imekwisha kuiona hatari hii. Mkusanyo wa sheria uliotangazwa mwaka 1917, katika kanuni ya 891, ulimkataza mkuu wa seminari au wa chuo kusikiliza maungamo ya wanafunzi wakaao naye nyumba moja, ila kama mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu nzito na kwa hiari yake, akiomba. Sheria mpya ya mwaka 1983 imerudia makatazo hayo katika kanuni ya 985. Hata mtu wa sifa kubwa kama Yohane Bosco hakuachiwa desturi yake iendelee. Yeye alikuwa mkuu wa wavulana wa Torino na muungamishi wao pia, na wengi walimpenda kwa hayo. Alifariki mwaka 1888, na mwaka 1901 Roma iliwakataza wakuu wa Wasalesiani kuwaungamisha walio chini yao.

Hata hivyo kanuni ya 891 ilikuwa na pengo. Ilimtaja mkuu wa chuo. Mkuu wa nyumba haikumtaja kwa jina. Tena ilihusu ungamo tu, wala haikugusa mazungumzo ya faragha, ambayo ndiyo moyo wa ulezi katika nyumba. Pengo hilo halikuwa la nadharia. Mwezi wa Agosti 2018, tume huru iliyochunguza udhalimu wa kijinsia dhidi ya watoto katika Uingereza na Wales ilitoa taarifa juu ya Ampleforth na Downside, shule nyingine ya Wabenedikto, ikaeleza maovu ya miongo mingi, na jinsi heshima ya monasteri ilivyotangulizwa mbele ya usalama wa watoto. Si haki kusema kwamba nyumba ndiyo iliyozaa maovu hayo, maana yametokea hata pasipo nyumba. Lakini mtoto ambaye mlinzi wake, mwamuzi wake na msiri wake ni mtu mmoja, hana mlango wa pili wa kugonga.

Mpango wa nyumba ulifika Afrika ya Mashariki kwa njia mbalimbali, na wamisionari Wakatoliki wenye mizizi Uingereza walikuwamo. Mapadre wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa na Herbert Vaughan mwaka 1866, walifika Uganda mwaka 1895 na kufungua chuo cha Namilyango mwaka 1902. Kiswahili kilipotakiwa kuyapa mambo ya shule za bweni majina, hakikuwa mikono mitupu. Bweni lilikuwa tayari malazi ya vijana wasiooa. Kiranja alikuwa kijana wa kwanza kutahiriwa jandoni, mbele ya wenzake. Shule ikamtwaa awe kiongozi wa wanafunzi, na maana ya kutangulia katika maumivu ikapotea. Jandoni humo kazi zilikuwa zimegawanywa kwa namna ambayo Wayesuiti wangeitambua: ngariba hutahiri, na kungwi hufunda. Atiaye jeraha si yeye akaaye na mwana kumfundisha.

Majina haya mawili hayakuingia shuleni. Wala halikuingia neno somo kwa maana yake ya mtu, yaani rafiki wa siri, au mwanamke amfundaye mwari. Kanisa lililichukua neno hilo na kulipandisha mbinguni: somo wa Mkristo ni mtakatifu ambaye jina lake amepewa, na somo wa parokia ni msimamizi wake. Nyumba yenye jina la mtakatifu ina somo, basi, lakini somo huyo yuko juu. Aliye chini huitwa mlezi, neno jema lililo pana mno, kwa kuwa halisemi kama huyo mlezi ndiye mwenye fimbo au ndiye mwenye sikio. Tanzania ilipozitaifisha shule za mashirika kwa sheria ya mwaka 1969, nyingi zikayaita mabweni kwa majina ya mashujaa na milima, na mlezi akabaki na upana wake. Seminari ndogo, zilizobaki mikononi mwa Kanisa, ndizo zilizohifadhi mgawanyo wa kale kwa maneno yaliyo wazi: gombera huongoza, na mlezi wa kiroho, aliye mtu mwingine, husikiliza.