Sinema ya Vita na Umri wa Mtazamaji: Ukaguzi wa Filamu nchini Kenya na Vijana wa Isiolo

Swali la iwapo sinema ya vita yenye umwagaji mkubwa wa damu yafaa kutazamwa na vijana wa rika la balehe huchukuliwa aghalabu kuwa swali la malezi, na kwa hiyo huachiwa wazazi, walimu na bodi za serikali. Wahakiki wa fasihi wamelipa kisogo. Hata hivyo, ni miongoni mwa maswali makongwe kabisa ya uhakiki. Plato, katika Jamhuri, alilijadili kwa kirefu alipokuwa akiamua ni hadithi zipi za miungu na mashujaa wasimuliwe vijana watakaokuja kuwa walinzi wa dola, na zipi zifutwe. Inafaa ikumbukwe kwamba katika hadithi za vita kilichomtisha Plato hakikuwa damu. Alichelea kwamba kijana, kwa kusikiliza vilio vya mashujaa na sifa mbaya za kuzimu, angejifunza kukiogopa kifo, naye Plato alihitaji askari. Ukaguzi wa hadithi za vita, basi, ulianza kwa niaba ya jeshi.

Makala haya yanadai kwamba ukaguzi wa filamu nchini Kenya haujatoka mbali na hapo. Umri wa mtazamaji umekuwa mara nyingi jina la heshima la jambo jingine, yaani nani anaruhusiwa kumwona nani akimpiga nani risasi. Mji wa Isiolo, ulio mlangoni mwa kaskazini ya Kenya, unafaa sana kulipima dai hili, kwa kuwa vijana wake wamekua karibu na vita kwa namna ambayo watunga sheria wa Nairobi hawakuifikiria.

Kabla ya sinema, hadhira za Afrika Mashariki zilikuwa na vita vyao vya kusimuliwa. Chuo cha Herekali, kilichotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, ni utenzi wa vita tangu mwanzo hadi mwisho. Utenzi wa Ras al-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi unapita beti elfu nne, na sehemu kubwa yake ni mapanga na maiti. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy hakwenda mbali hata kidogo: alitunga juu ya vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima mwaka 1888 na 1889, vita vya wakati wake na vya pwani yake mwenyewe. Kwa upande wa kaskazini, Wasomali walikuwa na geeraar, utanzu wa ushairi ulioambatana tangu zamani na farasi na mapigano, na papo hapo walikuwa na mashairi ya kuzisuluhisha koo zilizokwisha kuuana. Kazi hizi hazina upungufu wa ukatili. Tofauti yake na sinema ni kwamba ukatili huo ulikuwa na msemaji. Mghani alifungua kwa dua, akapima pumzi zake kwa mizani, akaonekana na wasikilizaji waliojua ukoo wake na upande aliousimamia. Msikilizaji chipukizi hakuachwa peke yake na maiti. Tena maiti yenyewe aghalabu ilikuwa na jina la baba, jambo ambalo tutalirejea.

Sinema ilipoingia, sheria iliifuata mara moja. Himaya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema mwaka 1912, mwaka uo huo ambapo bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza iliundwa. Kule Uingereza hofu ilikuwa juu ya watoto na watu wa tabaka la chini. Huku hofu hiyo ikahamishiwa kwa Mwafrika mzima mzima. Wakaguzi wa makoloni ya Afrika Mashariki na ya Kati waliziainisha filamu kwa rangi ya mtazamaji, na mzee wa Kiafrika mwenye wajukuu akatiwa katika fungu moja na watoto. Hoja zilizotolewa mara kwa mara katika miaka ya 1920 na 1930 zilihusu picha za Mzungu akiiba, akilewa au akipigwa. Jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika lililoendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, lilitokana kwa kiasi kikubwa na imani iyo hiyo, kwamba mtazamaji huyu alihitaji picha za umri wake.

Imani hiyo ililegea ghafla vita vilipozuka. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu za makoloni, na magari ya sinema yakaanza kuzunguka vijijini yakionyesha vita kwa watu wale wale walioambiwa jana kwamba akili zao hazingestahimili kuona bastola. Vita vya Mfalme vilifaa macho ya Mwafrika kwa sababu Mfalme alihitaji mikono yake. Isiolo ililijua jambo hili kwa karibu. Ulikuwa mji wa utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo ambalo mgeni hakuliingia bila kibali. Baadhi ya wakazi wake wa mwanzo walikuwa askari wa Kisomali waliopewa makazi pale baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Na katika mwaka 1940 na 1941 majeshi yaliyokwenda kupambana na Waitaliano huko Ethiopia yalipitia njia yake. Mtoto wa Isiolo wa miaka hiyo hakuhitaji gari la sinema ili aone vita vikipita.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, yaani Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, Uhuru ukiwa umekaribia. Ubaguzi wa rangi uliondoka. Desturi ya kibali kabla ya maonyesho ikabaki, na mtoto akabaki peke yake katika fungu ambalo zamani alilishiriki na babu yake. Ni maendeleo, bila shaka. Lakini wakati huo huo kaskazini ilikuwa inaingia katika vita. Mnamo Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Tarehe 28 Desemba mwaka huo, siku 16 baada ya Uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo la kaskazini mashariki. Vita vilivyoitwa vya Shifta viliendelea hadi 1967. Wakazi wengi wa upande wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, kama vile Garba Tulla, Merti na Modogashe, na mifugo yao ikaangamia. Waborana wa Waso wanakiita kipindi hicho Daaba, wakati wa kusimamishwa. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya miaka hiyo katika wilaya zilizotajwa, Isiolo ikiwemo. Mauaji yakabaki vinywani mwa wazee. Wabera alipewa barabara jijini Nairobi, ambayo maelfu huipita kila siku bila kuuliza alikuwa nani.

Hapa ndipo mkanganyiko unapojitokeza. Kijana aliyezaliwa katika mji ambao vita vyake vilikingwa kisheria dhidi ya mahakama alifunguliwa mlango wa vita vya wengine. Vibanda vya video vilivyoenea katika miji ya Kenya tangu miaka ya 1980 viliishi kwa sinema za mapigano, na mlangoni mwake iliyohesabika ni sarafu kuliko umri. Daraja zenyewe, kule zilikotoka, hazikuwa na usafi wa kujivunia. Marekani ilipobuni mwaka 1984 daraja mahsusi la vijana wanaokaribia na kupita miaka 13, filamu ya kwanza kutolewa nalo ilikuwa Red Dawn, hadithi ya wanafunzi wa shule ya sekondari wanaoshika bunduki kupigana na wavamizi wa Kisovieti. Ni ajali ya tarehe, labda, Plato angaliitabasamia.

Vibandani humo, hata hivyo, jambo la kifasihi lilitokea ambalo bodi haikuwa na kipimo chake. Filamu ilipata msemaji. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia hadhira kubwa kwa kazi ya namna hiyo, akiwabatiza wahusika majina, akiwachekea, akiwakatiza. Fanani amerudi, ingawa dua ya ufunguzi imeachwa njiani. Hivyo filamu iliyopewa kibali na filamu iliyosikika kibandani si matini moja. Isitoshe, msimulizi wa aina hii huweza kuupunguza ukatili kwa mzaha, na huweza vilevile kuufanya mtamu kuliko mwongozaji alivyokusudia. Mizani ya bodi huhesabu majeraha na matusi. Haina safu ya kuandikia kicheko.

Mfano mzito zaidi kwa Isiolo ni Black Hawk Down ya Ridley Scott, iliyotolewa mwaka 2001 kutokana na kitabu cha Mark Bowden cha 1999. Inahusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, ambamo wanajeshi 18 wa Marekani na mamia ya Wasomali waliuawa. Marekani iliamua kwamba aliye chini ya miaka 17 aitazame akiwa na mzazi au mlezi. Uingereza ikaona miaka 15 yatosha. Uamuzi wote wawili ulijengwa juu ya viungo vilivyokatika na damu iliyoonyeshwa. Filamu ilipigwa Morocco, na wahusika wakuu wa Kisomali hawakuigizwa na Wasomali. Kila askari wa Kimarekani anayekufa ana jina, rafiki, na neno la mwisho. Wasomali huanguka kwa makundi, kama nzige. Kijana wa Kisomali wa Isiolo mwenye miaka 15 anaketi mbele ya picha hiyo akiombwa, kwa ufundi wa kamera, amlilie yule anayemfyatulia risasi mtu mwenye sura ya mjomba wake. Je, akifikisha miaka 18 ombi hilo litakuwa limeanza kufaa? Utenzi wa Hemedi, pamoja na ukali wake wote, haukumfanyia msikilizaji wake hivyo.

Inaweza kujibiwa kwamba bodi haiwezi kukagua mtazamo, na kwamba ikipewa nafasi ya kukagua mtazamo itakagua siasa. Jibu hili lina uzito. Historia ya karibuni inalithibitisha: marufuku zilizotikisa nchi, ya The Wolf of Wall Street na ya Stories of Our Lives mwaka 2014, na ya Rafiki mwaka 2018, zilihusu mwili na mapenzi, na Netflix ilipofika Kenya Januari 2016, bodi iliitaja kuwa tishio kwa maadili na kwa usalama wa taifa. Maiti hazijawahi kuzua ghadhabu ya kiasi hicho. Bodi haipaswi kuongezewa mamlaka. Kinachopungua ni uhakiki, na mahali pake ni darasani.

Vifaa vipo. Scarred: The Anatomy of a Massacre ya Judy Kibinge, iliyotolewa mwaka 2015, inawapa nafasi manusura wa mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, waseme wenyewe. Ni filamu ngumu kuliko sinema nyingi za mizinga, maana wanaosema wana majina ya baba. Watu Wote ya Katja Benrath, ya mwaka 2017, inatokana na shambulio la basi huko Mandera Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo; mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali, kwa hiyo kijana wa Isiolo haihitaji kutafsiriwa. Bunduki zimo, na hofu imo tele. Mji huu, uliopigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 2011 na 2012, Waborana, Waturkana na Wasomali, hauwezi kudai kwamba mambo hayo ni mageni kwa watoto wake wa kidato cha pili.

Filamu hiyo ya pili huchukua dakika zipatazo 22, na kipindi cha shule ya sekondari ni dakika 40. Dakika 18 zinazobaki zinatosha kumkaribisha mtu wa Garba Tulla aliyekuwa mtoto wakati wa Daaba, naye leo amepita miaka 60, aketi mbele ya vijana na kuanza kusimulia.