Mediani ya Kuishi

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watafiti wa saratani ya umio hupima mafanikio ya tiba kwa mediani ya kuishi, yaani muda ambao ukishapita, nusu ya wagonjwa waliofuatiliwa wamefariki na nusu wangali hai. Mara nyingi kwa Kiswahili huandikwa "wastani wa kuishi", na msomaji akapotea.

Tuseme wagonjwa saba waliishi miezi 4, 7, 9, 12, 20, 48 na 96 tangu waanze tiba. Wastani wao ni miezi 28, ilhali watano hawakuufikia. Mediani ni miezi 12, ya yule wa nne aliye katikati ya safu. Tena, wastani kamili husubiri wote wafariki. Mediani hujulikana mara tu nusu yao wanapokuwa wamekwenda.

Neno la pili, "kuishi", nalo lina uzito wake. "Kupona" halifai, kwa kuwa hata mgonjwa ambaye saratani imemrudia huhesabiwa maadamu yu hai. "Kunusurika" hudokeza kuwa hatari imeshapita. "Kuishi" halimwahidi mtu kisichokuwepo.

Utafiti wa CROSS wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2012, uligawa wagonjwa zaidi ya 360 kwa kura. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji peke yake. La pili lilipewa kwanza tibakemikali ya kila wiki kwa majuma matano, sambamba na mionzi, ndipo likapasuliwa. Mediani ya kuishi ilikuwa miezi 24 kwa kundi la kwanza na 49 kwa la pili. Miaka 10 baadaye, asilimia 38 ya kundi la pili walikuwa hai, dhidi ya asilimia 25 ya lile la kwanza. Kumbe miezi 49 haikuwa tarehe ya mwisho ya mtu yeyote.

Kwa saratani ya seli bapa, aina iliyotanda Afrika Mashariki, pengo lilikuwa kubwa zaidi: miezi 21 kwa 82. Lakini walioingia CROSS walikuwa na uvimbe usiosambaa na mwili wa kuhimili kisu. Kwetu wengi hufika hospitalini wakipitisha uji na maji tu. Mgonjwa kama huyo huenda akawekewa stenti, mrija wa wavu unaotanuka na kufungua njia, ili ale tena. Hiyo ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, na miezi 82 haimhusu.

Basi mwandishi anayetaja mediani ataje na wenyewe: ni wagonjwa wa aina gani, wa hatua ipi ya ugonjwa, na muda ulianza kuhesabiwa lini.