Vumbi Chini ya Jani la Kangaga

Mkulima amezoea mimea itoayo maua, na baada ya maua, mbegu. Lakini kangaga halina ua wala tunda, nalo limestawi tangu zamani kwenye kingo za mito na vivuli vya misitu. Je, huzaliwaje? Swali hili liliwatatiza watu kwa karne nyingi.

Katika Ulaya ya kale watu walisema kwamba kila mmea sharti uwe na mbegu. Basi kwa kuwa mbegu ya kangaga haionekani, yeye atakayeipata naye hataonekana! Imani hiyo ilienea sana, hata Shakespeare akaitaja katika mchezo wake mmoja. Wahenga wetu walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Na gizani watu huona mazimwi.

Aliyewasha taa ni John Lindsay, tabibu mpasuaji aliyefanya kazi katika kisiwa cha Jamaica. Alitwaa vumbi la kahawia litokalo chini ya jani la kangaga, akalitawanya juu ya udongo chunguni, akautunza udongo uwe na unyevu, na kuuchungua mara kwa mara kwa hadubini. Punje za vumbi zikavimba, zikageuka kijani, zikawa mimea. Habari zake zilichapishwa London mwaka 1794. Tangu hapo kangaga la nchi za joto liliweza kuvuka bahari likiwa vumbi ndani ya karatasi.

Hata hivyo vumbi lile si mbegu hasa. Kila punje huota kwanza kijani kidogo chembamba, mara nyingi chenye umbo la moyo. Mwaka 1848 Leszczyc-Sumiński, mtaalamu wa Poland, alieleza kwamba ni juu ya kijani hicho mbegu ya kiume huogelea majini hata ilifikie yai. Pasipo maji hapana ndoa, na pasipo ndoa hapana kangaga.

Tuchukue mfano wa kangaga la misitu ya Asia na visiwa vya Pasifiki, ambalo Linnaeus aliliita nidus, yaani kiota, kwa kuwa majani yake hujipanga kama kiota cha ndege. Atakaye kulikuza na akate jani lenye mistari ya kahawia iliyokomaa upande wa chini, alifunge katika karatasi kavu mpaka vumbi lianguke. Udongo mwepesi aumwagie maji yanayochemka ili kuua ukungu na magugu. Ukiisha kupoa, anyunyize vumbi juu yake bila kulifukia, maana lahitaji mwanga. Kisha afunike chungu kwa kioo, akiweke mahali pa kivuli penye joto, na kukinywesha kwa kukisimamisha ndani ya sahani ya maji. Asubiri majuma mengi.

Hapana uganga katika kazi hii. Kila tendo lina sababu yake, na sababu hizo zilipatikana kwa watu waliokubali kuinama na kutazama vumbi.