Tai ya Yogi

Ukutani kwangu nimetundika karatasi ya plastiki angavu iliyochorwa mwili wa Yogi Bear, dubu wa katuni, bila kichwa. Wageni hudhani nimetapeliwa. Sivyo, ndivyo ilivyotoka studio.

William Hanna na Joseph Barbera, waliomtengeneza Yogi, walipoanzisha studio yao Marekani mwaka 1957, bajeti ya televisheni ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya sinema waliyoizoea wakitengeneza Tom na Jerry. Wakapunguza kazi: mwili ukatulia kwenye plastiki yake, kichwa kikabadilishwa juu yake. Kola na tai vilificha maungio. Nasi watoto tuliona umaridadi tu!

Kwenye kila plastiki, wino ulipitishwa mbele, rangi ikapakwa nyuma ili isifunike mistari. Igeuze hiyo yangu uone mabaka mazito, kingo zimechakaa, kama fulana iliyogeuzwa ndani nje. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa hasa na wanawake ambao majina yao hayakutajwa kwenye skrini. Kwangu mimi hao ndio wasanii wenyewe.

Picha zikishapigwa, plastiki nyingi zilioshwa zitumike tena, au zikatupwa. Disneyland, iliyofunguliwa 1955, iliziuza zake kwa dola chache tu. Leo mnadani utalia kwa bei. Katuni hazitengenezwi tena hivyo; hata watengenezaji wa The Simpsons walihamia kompyuta mwaka 2002.

Ukitaka kununua, inuse kwanza. Ikinuka siki, plastiki imeanza kuoza: usiiweke pamoja na nyingine, wala usiitundike panapopigwa jua.