Madumu, Mkeka na Kibali

Historia ya wakimbizi wa Kigoma huandikwa kwa tarehe. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa waliokimbia vita vya Kongo. Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi. Mimi napenda kuisoma pia kupitia michezo ya watoto.

Mvua ikinyesha, mtoto mtundu hashikiki ndani. Mzazi humpangia madumu ya maji ayaruke, humfungia kamba apite chini yake, humtandikia mkeka uliokunjwa uwe daraja.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamzuia mzazi huyohuyo kutoka kambini bila kibali. Anaitimiza ya kwanza akiwa amefungwa na ya pili.

Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa 1996 sasa ni mtu mzima, pengine naye analea. Madumu huondolewa mchezo unapokwisha. Kibali ni kikwazo kinachobaki, na mwenye uwezo wa kukiondoa ni Serikali, si mzazi.