Kutu, Mtapo na Mchanganyiko: Maneno ya Kemia Yakitazamwa Kutoka Voi

Msafiri anayeshuka Voi hulakiwa na rangi nyekundu kabla hajalakiwa na mtu. Udongo ni mwekundu, na ndovu wa Tsavo, ambao kwa asili ni wa kijivu, hujipaka udongo huo hata wakaitwa ndovu wekundu. Reli ya kale, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nayo ina kutu. Mkemia atasema kwamba wekundu huu wote watokana na oksidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Mswahili husema udongo hapa na kutu pale, wala haoni undugu baina yao. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi Kiswahili kilivyoyapata maneno yake ya kemia, na mahali yanapomkwaza mwanafunzi.

Ni makosa kudhani kwamba maarifa haya yaliingia pamoja na shule za kikoloni. Waashi wa pwani walichoma matumbawe wakapata chokaa; moto uliifukuza kaboni dioksidi, na walipoitia maji chokaa ile ilichemka yenyewe. Wapishi walikuwa na magadi. Zebaki na kiberiti ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na hili la pili lilimaanisha salfa kabla ya kuwa njiti ya kuwashia moto. Wafua chuma nao walitofautisha mtapo, chuma chenyewe, na mavi ya chuma yanayobaki baada ya kuyeyusha. Mwalimu akitaka kueleza kutu ni nini, aweza kusema kwamba ni chuma kinachorudi kuwa mtapo, na hatakuwa mbali na ukweli.

Tabaka la pili ni la istilahi zilizoundwa kwa makusudi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 nchini Tanzania, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Atomu, elementi, asidi na alkali yalichukuliwa kwa sura ya Kiingereza. Alkali, hata hivyo, ni neno la Kiarabu lililokwenda Ulaya kwanza, likatufikia kwa njia ya mzunguko. Sioni ubaya wake, ila mwanafunzi angefaidika kuambiwa kwamba magadi ya jikoni kwao ndiyo mfano wake.

Taabu kubwa imo katika neno mchanganyiko. Changanya unga wa chuma na salfa: sumaku itakivuta chuma na kuiacha salfa. Hapo ni mchanganyiko kwelikweli. Upashe moto sana, na vitu hivyo huungana kwa kiasi maalumu kuwa dutu mpya ambayo sumaku haiitengi tena. Hiyo ni kampaundi. Katika mazungumzo ya kawaida yote mawili huitwa mchanganyiko, na mwanafunzi aliyeshika neno hilo moja huandika jibu la kosa akiwa na hakika nalo.

Kenya haikubeba mzigo huu shuleni. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendelea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili somo la lazima, lakini sayansi ilibaki katika Kiingereza. Hivyo mtoto wa Taveta na mwenzake wa Holili, ng'ambo ya mpaka, hutumia Kiswahili kimoja sokoni, lakini katika shule ya msingi ya serikali ni huyu wa pili tu ajifunzaye sayansi kwa lugha hiyo. Wakifika sekondari, wote wawili hukutana katika Kiingereza.

Katika kaunti hii limo jiwe linaloupima msamiati wetu wote. Tsavoraiti, kito cha kijani alichokigundua Campbell Bridges Tanzania mwaka 1967, na baadaye Taita, kilipewa jina la Tsavo mwaka 1974. Kalisi, alumini, silikoni na oksijeni vimeungana ndani yake kwa uwiano maalumu. Hiyo ni kampaundi. Lakini ukijani wake hutokana na chembe chache za vanadi, pengine na za kromi, zilizokalia nafasi za alumini bila uwiano maalumu. Chembe hizo hazikuchanganywa tu, kwa maana haziwezi kupepetwa zikatoka, wala si sehemu ya lazima ya kampaundi ile. Hapo hata maneno mawili hayatoshi.