Mkataba wa Usiri na Mipaka ya Msimamizi katika Jumuiya za Waandaaji wa Programu

Mkataba wa usiri humfunga aliyeutia saini. Kanuni hiyo ya kawaida katika sheria ya mikataba husahaulika upesi waandaaji wa programu wanapoulizana maswali kwenye intaneti, na msimamizi wa mijadala akajikuta analinda siri ambayo yeye hakuahidi kuitunza.

Kisa cha Apple kinaonyesha tatizo hili vizuri. Machi 2008 kampuni hiyo ilitoa zana za kuandikia programu za iPhone, kwa sharti kwamba anayezipakua asizizungumzie hadharani. Kabla bidhaa haijatoka, sharti la namna hiyo lina mantiki yake. Lakini Julai duka la programu lilifunguliwa, simu zikawa mikononi mwa wateja, na sharti likabaki palepale. Mwandaaji ambaye orodha yake ilikwamakwama kila ilipotelezeshwa kwa kidole hakuruhusiwa kuomba msaada hadharani, hata kama mwenye jibu alikuwa ametia saini mkataba uleule. Wachapishaji wa Pragmatic Programmers walisitisha kitabu cha programu za iPhone walichokuwa wakikiandaa. Septemba, hata barua za kukataa programu zilianza kubeba onyo la usiri. Tarehe 1 Oktoba Apple ilitangaza kuliondoa sharti kwa programu zilizokwisha kutolewa. Matoleo ya majaribio yalisubiri hadi 2014, yaliporuhusiwa kujadiliwa, ingawa bila kuchapisha picha za skrini wala tathmini.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandaaji wa programu, ilifunguliwa kwa umma Septemba hiyohiyo ya 2008, na msimamo uliojengeka humo ni kwamba mkataba ni kati ya mwanachama na kampuni yake. Swali halifutwi kwa sababu tu huenda linauvunja. Msimamo huo ni sahihi. Msimamizi, ambaye mara nyingi ni mtu wa kujitolea, hajausoma mkataba wala hajui nani ameutia saini. Akifuta kwa kushuku tu, anahukumu bila ushahidi, na anayeumia zaidi ni mgeni katika fani, asiye na wenzake ofisini wa kuwauliza. Kampuni inayodai haki yake ina mawakili.

Usiri wa dosari za kiusalama ni suala jingine. Watunzaji wa matoleo ya Linux hupeana taarifa za dosari katika orodha ya faragha, linux-distros, kwa muda usiozidi siku 14. Kisha taarifa lazima itangazwe. Aliyejiunga ameridhia, mwisho wa siri unajulikana, na anayelindwa ni mtumiaji ambaye mashine yake ingeshambuliwa kabla ya marekebisho. Hapo msimamizi ana haki ya kuwa mkali, hata kumwondoa anayevujisha.

Hata usiri wa aina hiyo huharibika ukirefushwa. Dosari za vichakato za Meltdown na Spectre ziliripotiwa kwa Intel Juni 2017, zikapangwa kutangazwa tarehe 9 Januari 2018. Watunzaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD hawakuarifiwa kabisa. Wakati huohuo mabadiliko makubwa yaliingizwa katika kiini cha Linux hadharani, kwa haraka isiyo ya kawaida na maelezo haba, na wasomaji makini wa msimbo wakaanza kukisia. Siri ilitoka tarehe 3 Januari. Waliokisia hawakuwa wameahidi lolote. Walisoma kilichowekwa wazi, na hakuna msimamizi aliyekuwa na msingi wa kufuta maneno yao.